Mkia wa Bwana Gervas

Gervas tulimzika kwa Kiingereza, kama alivyoagiza mwenyewe. Pale makaburi ya Kinondoni, jua la saa saba likituchoma utosini, mwanawe mkubwa alisimama kando ya udongo mbichi akasoma wasifu wa baba yake ukurasa baada ya ukurasa. Waombolezaji, wengi wao wauza mkaa, mafundi cherehani na akina mama wa kanisani, waliitikia "amina" kila alipovuta pumzi, wakidhani ni sala. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakielewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa adhabu. Alisema marehemu alikuwa msomi. Akasema alikuwa bingwa wa asili ya maneno ya Kiingereza, hasa mikia yake, yaani vile vipande vinavyobandikwa mwishoni mwa neno. Kisha akasema kwamba baba yake ndiye aliyeasisi elimu ya akina mama katika Temeke yote enzi za Mwingereza, na hapo nikacheka. Sikukusudia, lakini nimefika umri ambao pua yangu hutoa sauti bila kuniomba ruhusa. Binti aliyekuwa amenishika mkono akaniinamia. "Bibi, vipi, unajisikia vibaya?" Nikamwambia najisikia vizuri sana.

Marehemu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Perpetua. Niliishi nyumbani kwake mwaka mmoja tu, mwaka uliofuata ule ambao yule malkia kijana wa Uingereza alivishwa taji. Nilitoka kusini nikiwa nimemaliza shule kwa masista wa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha Gervas. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu aliyekuwa akinisahihisha mimi alikuwa mwenye lugha yake, na aliyekuwa akimsahihisha Gervas alikuwa Gervas. Yeye alikuwa karani bandarini, mtu wa bara, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo dada yangu alilipiga pasi ya mkaa kila alfajiri kana kwamba analitayarisha kwa ubatizo. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile kwota mpya za serikali pale Temeke. Mimi nililala stoo, pamoja na gunia la mkaa na baiskeli ya shemeji, ambayo haikuruhusiwa kulala nje kwa kuwa ilikuwa na thamani. Sebuleni palikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, redio ambayo betri yake ilikufa kabla sijafika na haikufufuka, picha ya huyo malkia iliyokatwa gazetini na kutiwa fremu, na kitabu. Nasema kitabu kwa sababu kilikuwa kimoja. Kilieleza maneno ya Kiingereza yalikotoka, jalada lake lilikuwa limeliwa na mende, na nina hakika Gervas alikisoma mpaka mahali fulani akachoka, kwa maana ujuzi wake wote ulikuwa wa kurasa za mwanzo.

Kila Jumamosi alasiri sebule ile iligeuka Klabu ya Kiingereza Safi. Walikuja makarani wenzake wamevaa tai, wakaketi kwa tahadhari wasichafue vitambaa, na Gervas akasimama chini ya malkia na kufundisha. Sisi tulikuwa uani, upande wa pili wa ukuta wa matofali ya matundu, tukipika. Wao walikula wali na papa wa nazi kwenye sinia, sisi tukala ugali na mchicha baada ya wao kushiba. Lakini maneno yao yote yalipita kwenye matundu yale, na kwa hiyo mafunzo ya Gervas niliyapata bure, pamoja na moshi. Jumamosi ya kwanza ninayoikumbuka alikuwa akifundisha juu ya mkia mmoja, -ess, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza kifo cha mfalme. "Mabwana," alisema, "mkia huu ulizaliwa kwa Wayunani, ukapita kwa Warumi, ukalelewa na Wafaransa, ndipo ukavuka maji ukafika kwa Mwingereza. Kazi yake ni kumtambulisha mwanamke. God, goddess. Lion, lioness. Host, hostess." Mtu mmoja akauliza mpishi wa kike anaitwaje. "Cookess," akajibu Gervas bila kupepesa macho, na nikasikia kalamu zikikwaruza karatasi. Watu wazima, wenye familia, waliandika "cookess".

Safari ya mkia ule aliieleza sawasawa, simnyimi haki yake. Alichokosa ni kuutazama ulivyofanya kazi njiani, na mimi nimekuwa na maisha mazima ya kuutazama. Governor ni mtu anayetawala nchi. Mtie mkia, na governess ni mwanamke anayefundisha watoto wa watu wengine alfabeti, akila peke yake, asiwe wa sebuleni wala wa jikoni. Master ni bwana wa nyumba. Mistress alianza naye akiwa bibi wa nyumba mwenye heshima zake, lakini huko njiani wakamchafulia jina mpaka mke wa mtu akawa hataki kuitwa hivyo. Waingereza wa zamani walikuwa na mkia wao wenyewe wa kike, -ster, kabla Wafaransa hawajawaletea huu. Nao uliwahusu wanawake wa kazi, wa kusokota nyuzi na kufuma na kushona, mpaka wanaume wakaichukua kazi na mkia wake. Mshonaji wa kike ikabidi abandikwe mkia wa pili juu ya ule wa kwanza ili ajulikane tena kwamba ni mwanamke, na ndiyo maana seamstress anatembea na mikia miwili hadi leo. Huo ndio ustaarabu ambao Gervas aliona ni lazima tuuhamishie Temeke, mahali ambapo mwalimu alikuwa mwalimu na fundi alikuwa fundi, na hakuna aliyewahi kukosea nani ni nani.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho yote haya ni soga tu. Serikali ilikuwa inajenga ukumbi pale Temeke, na ilijulikana kwamba ndani yake kutakuwa na darasa la akina mama, kusoma na kuandika. Darasa lingehitaji mwalimu, ikiwezekana mwanamke, na huyo angelipwa na serikali na kupewa chumba nyuma ya ukumbi. Chumba chenye mlango na kitasa! Mtu asiyewahi kulala na baiskeli hawezi kujua nilivyokiota. Gervas aliniahidi kazi hiyo siku ya kwanza tu nilipofika, mbele ya dada, akiwa ameinua kijiko. "Shemeji, kazi ile ni yako. Afisa wa ustawi wa jamii namjua mimi. Jina lako nitalipeleka mwenyewe." Nikamwamini. Nilichota maji, nikafua, nikapika, nikalea mtoto wao wa kwanza, yule yule aliyesoma wasifu, na kila niliposikia nyundo za mafundi kule ukumbini nilijihesabu nimekwisha kuwa mwalimu.

Kisha yule afisa, Mzungu mmoja mrefu mwenye kaptula, akamwambia Gervas kwamba klabu isiyokuwa na wanawake haitapewa nafasi ukumbini. Klabu ikaitisha kikao cha dharura. Suluhisho lao, ambalo lilipatikana kwa makofi, lilikuwa kuchukua kila cheo walichokuwa nacho na kukitia mkia. Gervas alikuwa President, basi dada yangu Perpetua, ambaye hakuwahi kutia mguu shuleni, akawa Presidentess. Secretary alikuwa Aloisi, mtoto wa baba mdogo wa Gervas, kijana mnene aliyefukuzwa kazi stesheni na kula kwetu siku zote. Mimi nikawa Secretaress. Gervas alitutangazia mlangoni, hakufika hata uani, viatu vyake visije vikaingia majivu. Dada akasema, "Asante, baba," akaendelea kukuna nazi.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kizaramo, mnene, mwenye sauti. Aliongoza kikundi cha ngoma cha akina mama wa mtaa ule, na wenzake walimwita Kwini. Mumewe aliuza machungwa sokoni na hakuwa Kingi wa kitu chochote. Yeye alikuwa Kwini tu, na alipopita wanawake walimpisha. Kikundi chake kilikuwa na vyombo, masufuria makubwa, masinia, vikombe, miiko, ambavyo vilizunguka mtaa mzima kwa shughuli za watu, arusi na misiba. Mwenye shughuli aliazima, akaosha, akarudisha. Siku nilipopewa cheo alikuwa uani kwetu amefuata sinia lake.

"Sekretaresi ndiyo nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Katibu wa kike, Bi Zuhura."

"Na huyo katibu wa kiume anafanya nini?"

"Anaandika."

"Na wewe?"

"Mie napika chai."

"Aa." Akaligeuza sinia kuangalia kama limesuguliwa vizuri. "Basi wewe mpika chai. Si waseme tu?"

Mwezi ule ambao ukumbi uliezekwa, Jumamosi, wanachama walipokwisha kwenda zao, Gervas na Aloisi walibaki sebuleni. Mimi nilikuwa nasugua masinia chini ya ukuta. Dada alikuwa amekaa kwenye kibao chake anapeta mchele. Gervas alikuwa ameshiba, na alipokuwa ameshiba alisema kwa sauti.

"Memsahibu wa yule afisa anatafuta mtu wa kushika watoto wake kule Oyster Bay," alisema. "Anataka anayejua Kiingereza. Nimemwambia ninaye."

"Monika? Si ulimwahidi darasa?" Huyo alikuwa Aloisi.

"Darasa utalichukua wewe. Mshahara wa serikali apewe msichana aufanyie nini? Mie nikimpa memsahibu mtu wa watoto, mzungu hawezi kuninyima ukumbi. Na akishasikia kwamba jina limeshapatikana la mwalimu, yamekwisha."

"Na Monika akikataa uyaya?"

"Nani kasema yaya?" Gervas alicheka, na kile kicheko bado ninacho masikioni. "Ni gavanesi. Mwambie gavanesi uone. Atajiona kaolewa na Gavana."

Nilimtazama dada. Alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu yale hayakusemwa kwa Kiingereza, yalisemwa kwa Kiswahili kikavu. Ungo ukapanda ukashuka, makapi yakaruka. "Usisikilize ya wanaume," akasema bila kuinua kichwa. "Kalete maji." Nikaenda kuleta maji. Kwa hasira nilikunywa kisimani kwa kata mpaka wanawake wakanicheka.

Siku ya wageni, ambayo Klabu ilimkaribisha yule afisa, ilifika. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, viti vikatolewa pamoja na vitambaa vyake, malkia naye akatolewa nje akatundikwa kwenye mlingoti wa turubai. Akina mama wa Bi Zuhura walipika pilau toka alfajiri kwa masufuria yao. Yule afisa alikuja na mkewe, mama mwembamba mwenye kofia ya majani, uso mwekundu kwa joto. Gervas akahutubia. Alihutubia juu ya nini? Juu ya mkia. Aliwaeleza Waingereza wawili, chini ya turubai la Temeke, pilau ikipoa, jinsi Wayunani walivyowapa Warumi na Warumi wakawapa Wafaransa. Akamwinua dada yangu kwa mkono akamwita Presidentess, na yule afisa akatazama viatu vyake kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Mimi nilijua anacheka. Makarani walidhani ameguswa. Kisha Gervas akanionyesha mimi, niliyekuwa nimesimama na birika la chai, akasema kwa sauti ya kilele, "And this is your governess!"

Memsahibu akatabasamu, akaniuliza kama nitaweza kuanza Jumatatu. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Wote walikuwa wamekwisha kuitikia kwa nyuso zao. Nikaliweka birika chini. Nikamjibu kwa Kiingereza cha masista, polepole, kwamba namshukuru, lakini sikuja mjini kushika watoto wa mtu. Nikasema shemeji yangu aliniahidi kufundisha darasa la akina mama, na kama darasa lile bado lipo niko tayari kuanza hata kesho. Na nikasema kwamba anayemtafuta yeye anaitwa yaya, kwamba ni kazi ya halali, na hakuna haja ya kuificha nyuma ya jina la kazi nyingine. Yule mama alinitazama, akanitazama tena, na mimi nikadhani ni ghadhabu. Mumewe akaangalia saa. Waliondoka kabla pilau haijapakuliwa.

Gervas hakungoja vumbi la gari litulie. Alikwenda stoo, akatoka na sanduku langu la bati, akalitupa njiani. "Umenivua nguo mbele ya Wazungu! Mtoto wa kike, mla kwangu, mlala kwangu! Toka!" Makarani walikuwa wakitazama tai zao. Aloisi alikuwa akitazama pilau. Ndipo Bi Zuhura akatoka uani anafuta mikono kwenye kanga.

"Bwana Gervas," akasema, "naomba vyombo vyetu."

"Vyombo gani? Watu hawajala!"

"Vyombo vya kikundi. Havikai penye nyumba iliyomtupia mtu wetu sanduku njiani. Ndivyo tulivyokubaliana sie wanawake, hata kwenye arusi tumeshafanya." Akageuka. "Mwanangu, chukua sanduku lako. Nyie, mwageni."

Wakamwaga. Pilau yote, na nyama yake, ilihamishiwa kwenye karai la kufulia la dada yangu, ambalo bado lilikuwa na utelezi wa sabuni. Vikombe vilichukuliwa mikononi mwa watu, vingine vikiwa na chai. Niliwaacha wanachama wa Klabu ya Kiingereza Safi wamesimama kulizunguka karai, na sijui kama walikula. Natumaini walikula.

Nilihamia kwa Bi Zuhura, ng'ambo ya kisima. Darasa la ukumbini alipewa Aloisi kweli, na lilikufa haraka, kwa sababu hakuna mume aliyemruhusu mkewe akafundishwe na Aloisi jioni, na hakuna mke aliyetaka. Wanawake walikuja uani kwa Bi Zuhura. Nilifundisha kwa mkaa juu ya bati, bila mshahara, bila chumba, na asubuhi nilikaanga maandazi ili nile. Cheti cha ualimu nilikipata baada ya uhuru, nikiwa mama wa watoto wakubwa, nimekaa dawati moja na wasichana waliokuwa wakiniamkia shikamoo kabla ya kuomba kifutio. Miaka yote hiyo nilimdharau Gervas kwa bidii, na dharau ile ilinisaidia kuamka asubuhi. Nilikutana naye arusini na misibani, nikamsikia akiwaeleza watu wapya habari za Wayunani, na kila mara nilirudi nyumbani nimechangamka.

Juzi, baada ya kuzika, watu walipopungua matangani, Perpetua aliniita chumbani kwake. Amekuwa mdogo sana, dada yangu. Alikuwa amekaa kitandani amejifunga kanga nyeusi, na mezani palikuwa na birika na vikombe viwili. Akanimiminia.

"Monika," akasema, "yule mzungu alirudi."

"Mzungu gani, dada?"

"Memsahibu wa kofia. Wiki ile ile uliyofukuzwa. Alikuja peke yake, bila mumewe. Gervas alikuwa ametoka kazini, akampokea sebuleni. Alikutaja jina. Mie Kiingereza sikijui, lakini jina lako nililisikia, na nikasikia 'ticha'. Alisema mara nyingi. Ticha, ticha. Alikuwa anakutaka wewe kwa lile darasa."

Nikamuuliza Gervas alijibu nini.

"Alimwambia umesharudi kusini. Hilo alinieleza mwenyewe usiku, anacheka. Kwamba umekwenda kuolewa."

Nikakumbuka jinsi yule mama alivyonitazama chini ya turubai, mara ya kwanza na mara ya pili. Alilitumia neno lile lile analolijua kila mtu Temeke, bila kulitia mkia wa Gervas. Na mimi nilikuwa ng'ambo ya kisima. Dada yangu angesimama mlangoni akaniita kwa sauti ya kumwitia mtoto chakula, ningesikia.

"Na wewe ukafanya nini?"

Perpetua alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilimpelekea chai," akasema.

"Kisha?"

"Alikunywa yote. Akaniambia asante, kwa Kiswahili. Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha." Akafunika birika. "Ungelipata chumba kile, Monika, usingekuja tena hata mlangoni kwangu. Mie ningebaki na yule mtu, na nani?"

Dharau nilikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima, lakini yote nilikuwa nimeimaliza kwa Gervas, miaka yote ile, na kwa ajili ya dada sikubakiza hata tone. Nje mtu alikuwa anasoma tena wasifu kwa wale waliochelewa kufika, kwa Kiingereza, na watu wakiitikia amina.

"Chai inapoa," akasema dada.

Nikachukua kikombe, nikanywa yote.